Danieli aliuliza: mti gani?



Kuna mji mdogo huko Texas, Marekani, unaitwa Tulia. Julai 1999 watu 46, wengi wao Weusi, walishtakiwa kwa kuuza dawa za kulevya. Polisi walivamia nyumba zao alfajiri, wasikute dawa. Hakuna sauti iliyorekodiwa. Ushahidi ulikuwa neno la askari kanzu mmoja Mzungu, basi! Wazee wa baraza wakamwamini, na mtu mmoja akapewa miaka 90. Mwanamke mmoja aliponea kwa karatasi za benki: siku anayodaiwa kuuza, alikuwa jimbo jingine, Oklahoma. Mwaka 2003 gavana akawasamehe 35. Askari yule alikuja kutiwa hatiani kwa uongo chini ya kiapo.

Sasa fungua Danieli 13. Suzana anapelekwa kuuawa, umati umekubali, maana waliomshtaki ni wazee wenye heshima. Kijana Danieli anawatenganisha, anamuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Majibu yakapishana. Suzana akapona.

Amri ya nane haimgusi shahidi mwongo peke yake. Inatugusa na sisi tunaoamini haraka kwa sababu mtuhumiwa ni wa kabila fulani, au ana rasta, au anakaa mtaa ule.

Wiki hii, kabla hujasambaza “huyo ni muuza unga” kwenye grupu, uliza: nani aliona? Lini? Wapi?

Tuwaombee waliofungwa bila kosa. Amina.