Michezo Katika Madarasa ya Kati: Je, ni Kupoteza Wakati?

Saa kumi alasiri baba mmoja alisimama kando ya ua wa shule, akawatazama wanafunzi wa Gredi ya 7 wakicheza mpira wa pete. Binti yake, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa miongoni mwao. Nyumbani ng'ombe walikuwa wakingoja majani, na mitungi ya maji ilikuwa mitupu. Baba akamwendea mwalimu, akamwamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto hapa asome. Kama ni kukimbia, hata kwetu kuna vilima. Kuanzia juma lijalo, masomo yakiisha, naomba aje nyumbani."

Mwalimu hakukasirika. Akamjibu, "Mzee wangu, neno lako si la kupuuzwa. Lakini tafadhali tuketi kidogo, nikueleze kwa nini saa hii nayo ni saa ya masomo."

Mazungumzo ya namna hiyo husikika katika shule nyingi za Kenya, za mijini na za mashambani. Baba huyo si adui wa elimu. Yeye ataka mtoto wake apate faida kubwa kwa taabu anayoiona. Kwa hiyo yafaa jambo lenyewe lichunguzwe kwa utaratibu: je, mtoto wa madarasa ya kati apata nini uwanjani asichoweza kukipata darasani wala shambani?

UMRI WA KATI NI UMRI GANI?

Zamani, baada ya taarifa ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, watoto wa Kiafrika nchini Kenya walisoma miaka 4 katika shule ya msingi, kisha miaka 4 katika shule ya kati, yaani darasa la 5 hadi la 8. Utaratibu huo ulikwisha zamani. Tangu Januari 2023 madarasa ya kati ni Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ambayo watu wengi huyaita sekondari msingi. Majina yamebadilika, lakini mtoto ni yule yule. Ana miaka 12 hadi 15. Sare aliyonunuliwa mwezi wa Januari yambana mwezi wa Agosti. Sauti ya mvulana yakwaruza. Msichana aanza kuona haya mbele ya watu. Wote wawili wana nguvu nyingi, na bado hawajui wazipeleke wapi.

Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji. Umri huu ndio udongo wenye maji.

FAIDA YA MWILI

Wataalamu waliopima mifupa ya watoto mwaka baada ya mwaka waliona jambo la ajabu. Katika miaka miwili tu ya ukuaji wa haraka, mtoto huweka mifupani mwake karibu robo ya madini yote atakayokuwa nayo akiwa mtu mzima. Wasichana hufikia kilele cha kipindi hicho yapata miaka 12 na nusu, na wavulana yapata miaka 14. Mifupa nayo huimarika inapopata kishindo: kuruka, kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka. Hayo ndiyo mambo yanayofanywa katika mpira wa pete, mpira wa miguu na kuruka kamba. Basi binti wa miaka 12 akiondolewa mchezoni, huondolewa katika msimu wenyewe wa kupanda.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kuushughulisha mwili kwa nguvu muda wa dakika 60 kila siku, kwa wastani, na kwamba siku 3 za juma zisikose mazoezi mazito na yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 2016 katika nchi nyingi ilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100, wa umri wa miaka 11 hadi 17, hawakufikia kiasi hicho. Kwa wavulana walikuwa 78, na kwa wasichana 85.

Hapa mzazi wa shamba aweza kusema, "Mtoto wangu hutembea mwendo mrefu, tena hulima na kuteka maji." Asema kweli, na kazi hiyo ihesabiwe. Lakini mzigo wa kuni hauufundishi mguu kuruka, wala haulifundishi jicho kuupima mpira unaokuja kwa kasi. Zaidi ya hayo, watoto wengi wa mijini hawana shamba wala ua. Wao hutoka katika chumba kimoja, wakapanda matatu, wakakaa darasani, kisha wakarudi kukaa mbele ya televisheni au simu. Kwa mtoto wa namna hiyo, uwanja wa shule ndio mahali pekee pa kunyoosha miguu.

FAIDA YA AKILI

Wazazi wengine huogopa kwamba mchezo hula akili ya masomo. Waalimu wengi wameona kinyume chake. Mtoto aliyeketi saa nyingi huanza kusinzia na kuchezea kalamu. Akipumzishwa kwa mbio fupi, hurudi darasani akiwa macho, na kwa muda husikiliza vizuri zaidi. Tena mwili uliochoka kwa mchezo hulala vizuri usiku, na kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Mwalimu mwerevu aweza pia kuufanya uwanja kuwa darasa la hesabu. Wanafunzi waupime kwa kamba. Wakiona kwamba mzunguko wake ni mita 250, wataambiwa watafute idadi ya mizunguko inayofanya mita 1,000. Wakitumia saa yenye kuonyesha sekunde, wataandika muda wa kila mmoja na kutafuta wastani wa darasa. Hesabu iliyotoka miguuni haisahauliki upesi.

FAIDA YA TABIA

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii yajulikana na kila mtu, lakini si rahisi kuitenda. Mtoto wa miaka 13 aliyefungwa bao la mwisho hutaka kulia, au kugombana, au kumlaumu refa. Uwanjani hujifunza kumpa mwenzake mkono na kurudi tena Alhamisi. Somo hilo halipatikani katika kitabu, nalo litamfaa siku atakapokosa kazi aliyoiomba, au mavuno yake yatakapoharibika.

Kadhalika mtoto hujifunza kutii kanuni asizozitunga yeye. Firimbi ikilia, mwenye nguvu na mnyonge husimama pamoja. Na katika shule za mijini, ambako watoto hutoka makabila na dini mbalimbali, hakuna anayeuliza lugha ya nyumbani ya mwenzake wakati wa kumpa kijiti katika mbio za kupokezana. Atakalo ni kijiti kisianguke.

HABARI YA WASICHANA

Msichana wa umri huu ndiye anayeacha michezo kwanza. Mara nyingi si kwa kutopenda. Kazi za nyumbani humwangukia yeye kabla ya kaka yake. Mavazi ya mchezo humtia haya. Na siku zake za mwezi zikifika, huogopa kuchekwa. Sheria iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2017 iliamuru kwamba wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, na mahali pa kuzitupa kwa usafi. Shule na ihakikishe kwamba jambo hilo latendeka, kwamba pana chumba cha kubadilishia nguo, na kwamba msichana aweza kuvaa nguo zinazomstahi kwa kadiri ya dini na mila za kwao. Vikwazo hivyo vikiondolewa, wengi watarudi uwanjani kwa furaha.

MEDALI SI SHABAHA

Wakenya hujivunia wakimbiaji wao, nao wana haki. Mwaka 1956, Kenya ilipopeleka wanamichezo Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, Nyandika Maiyoro alikuwa wa 7 katika mita 5,000. Mwaka 1964, huko Tokyo, Wilson Kiprugut aliipatia nchi medali yake ya kwanza, ya shaba, katika mita 800. Mwaka 2011 msichana wa shule, Faith Kipyegon, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana akikimbia miguu mitupu. Baadaye akapata dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500 mara 3, mwaka 2016, mwaka 2021 na mwaka 2024.

Lakini mzazi asidanganywe na medali. Katika watoto maelfu, ni mmoja tu atakayefika huko. Mwalimu anayewachagua wanafunzi 11 wenye nguvu, akawaacha wengine wote wakikaa chini ya mti kushangilia, amewafundisha 11 tu. Mtoto mnene, mtoto mwoga na mtoto asiye na mbio ndio wanaouhitaji mchezo zaidi.

NAMNA YA KUENDESHA MICHEZO

Shule maskini isiseme kwamba haiwezi. Mpira waweza kushonwa kwa matambara na kamba. Mistari yaweza kuchorwa kwa majivu. Kamba moja ndefu yatosha kwa kuruka na kwa kuvutana. Darasa la watoto 40 ligawanywe makundi manne. Mawili yacheze, la tatu likimbie kupokezana vijiti, na la nne lihesabu alama na kusaidia uamuzi, kisha wabadilishane. Mlemavu naye apewe nafasi ya kucheza kwa kadiri ya uwezo wake, asifanywe mtunza makoti kila siku.

Wala mwalimu asiseme kwamba yeye si fundi wa michezo. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha, alijifunza kazini. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul.

Lakini tahadhari zisisahauliwe. Watoto wapewe maji ya kunywa, na wasikimbizwe katika jua kali la saa saba. Asiyekula tangu asubuhi asishindanishwe mbio ndefu. Mtoto anayeumwa goti kila mara katika umri huu wa kukua apumzishwe, asiambiwe avumilie. Aliyetegua kifundo cha mguu aketi, awekewe kitambaa chenye maji baridi, afungwe bendeji isiyobana mno, na mguu uinuliwe. Aliyegongwa kichwa, hasa akiona kizunguzungu, akitapika au akisahau mambo, asirudishwe mchezoni siku hiyo hata kidogo, bali apelekwe kwa daktari.

MWISHO WA MAZUNGUMZO

Yule baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeelewa. Lakini ng'ombe hawajui habari ya mifupa." Mwalimu akacheka, akakiri kwamba shule nayo ilikuwa na kosa, maana siku za michezo hazikuwa zimetangazwa, na watoto walichelewa bila wazazi kujua sababu. Wakakubaliana hivi: michezo iwe siku ya Jumanne na ya Alhamisi, iishe saa kumi na moja kamili, na wazazi wote waarifiwe kwa barua. Siku nyingine binti atarudi mapema. Na katika siku hizo mbili, majani ya ng'ombe yatakatwa na kaka yake.

Hivyo ndivyo mambo hukaa sawa: shule ieleze, nyumba isikilize, na kila upande utoe kidogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA BARAZANI

1. Je, katika shule ya kijiji au mtaa wenu, ni watoto wangapi wanaocheza, na ni wangapi wanaotazama tu?

2. Kazi za nyumbani zagawanywaje baina ya wavulana na wasichana siku za michezo?

3. Je, wazazi wajua saa ambayo michezo huisha?

4. Ni vitu gani vya michezo ambavyo wazazi waweza kuvitengeneza kwa mikono yao wenyewe, bila kungoja fedha?