SOMO LA 6: JE, KILA DAWA CHUNGU INAUA MALARIA?

Mtu wa Rubaya akishuka Walikale, mara nyingi anarudi na malaria. Nyumbani wanamchumia majani ya mubirizi, wanayachemsha, anakunywa. Homa ikipungua wanasema, "Amepona." Lakini homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Basi tutajuaje kama wadudu wamekufa?

Usidharau miti. Kinini hutoka katika maganda ya mti wa kinkina, uliopandwa sana katika Kivu. Mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kinini na maganda hayo. Ndipo waganga waliweza kuipima sawasawa, maana ganda moja lina nguvu nyingi, lingine kidogo.

Dawa ya mti hujaribiwa hivi:

1. Nguvu yake hutolewa katika mmea na kutiwa kwenye damu yenye wadudu, ndani ya chupa. Wadudu walio hai huhesabiwa kwa mikroskopi.

2. Panya wenye malaria hupewa. Je, wadudu wamekwisha? Na panya mwenyewe ni mzima?

3. Watu wazima wachache waliokubali huinywa, ionekane kama inadhuru.

4. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili: hawa dawa mpya, wale dawa inayojulikana. Damu yao hupimwa tena na tena kwa majuma.

Mama Tu Youyou wa China alifuata njia inayofanana na hii kwa mmea wa artemisia. Kuchemsha kuliharibu nguvu yake. Mwaka wa 1971 alitumia eta, ichemkayo kwa moto mdogo, na wadudu wa panya wakaisha. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza, kisha wakawapa wagonjwa. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Na chai ya artemisia? Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliikataa kwa malaria. Kipimo chake hakijulikani. Wadudu wanaobaki huizoea dawa. Kwa hiyo vidonge vya hospitali huunganisha dawa mbili.

Mtoto akipata homa, mpeleke siku ile ile apimwe damu. Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, au anayeshikwa na degedege, asingoje majani yachemke. Kama umempa majani, mwambie muganga bila haya.

MASWALI

1. Kwa nini homa kupungua si alama ya kupona?
2. Kwa nini panya hutangulia mtu?
3. Ni mtoto gani asiyepaswa kungojeshwa nyumbani?