Somo: Kinyago Huanzia Kwenye Mti



Kikundi cha vijana kinapoomba msaada wa tezo, patasi na tupa, kwa kawaida tunauliza bei ya vifaa na mahali pa soko. Maswali hayo ni mazuri, lakini kuna moja linalotangulia: mti utatoka wapi, na baada ya miaka kumi utakuwepo?

Uchongaji tulio nao

Singida haina sifa ya vinyago kama Mtwara, lakini uchongaji si mgeni kwetu. Kinu na mchi, kigoda, mwiko, na mzinga wa gogo unaotundikwa mtini kule Manyoni na Itigi, vyote ni kazi ya mafundi waliojifunza kwa kukaa karibu na wazee wao.

Wamakonde

Wengi hudhani kinyago cha mpingo ni cha tangu enzi za mababu. Kumbe zamani Wamakonde walichonga hasa miti myepesi, kwa mfano barakoa za ngoma ya mapiko zinazovaliwa wakati vijana wanapotoka jandoni. Mpingo ulishika nafasi kubwa katika karne ya 20, wanunuzi wageni walipoongezeka na wachongaji wengi walipohamia Dar es Salaam. Huko ndiko ilikoenea mitindo ya shetani na ujamaa. Katika kinyago cha ujamaa watu wa ukoo hubebana, mmoja juu ya mwingine, na wote hutoka katika gogo moja.

Jambo moja linatisha. Mpingo huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Anayeupanda leo anawapandia wajukuu.

Wakamba

Nchini Kenya inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaifikisha kazi hiyo kwao. Ilikua hadi ikalisha maelfu ya familia. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji walisukumwa kutafuta miti mingine. Tangu miaka ya 1990 wengi wamegeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, miti inayopandwa na kukua haraka. Kazi haikufa, ila walilazimika kujifunza upya. Mwarobaini mbichi hupasuka, hivyo ni lazima ukaushwe polepole kivulini kabla ya kumalizia kazi.

Nyumbani kwetu

Mwarobaini hustahimili ukame wetu, na tayari umo katika nyua nyingi za Singida. Kuhusu kutunza msitu, hatuanzi sifuri. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vilivyozunguka msitu wa Mgori vilipewa jukumu la kuulinda, vikaweka kanuni na walinzi wao wenyewe. Mfano huo ulijulikana mbali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa nguvu haki ya kijiji kuwa na msitu wake.

Ushauri wetu

Ombi la vifaa vya kuchonga liambatane na mpango wa miti: kitalu, eneo la kupandia na mtu wa kumwagilia wakati wa kiangazi. Gogo la msituni lisikatwe bila kibali. Fundi mzee alipwe posho ya kufundisha, kwa maana patasi bila mwalimu ni chuma tu. Wafadhili nao tunawaomba wavumilie: kitalu hakina picha nzuri mwaka wa kwanza, lakini ndicho kitakachowapa vijana kazi vifaa vikishachakaa.

Maswali ya kujadili

1. Ni mafundi gani wa kuchonga waliobaki katika kigango chetu, na nani anajifunza kwao?
2. Wanatumia miti gani, na inatoka wapi?
3. Tunaweza kupanda mingapi masika ijayo, na nani ataitunza?