Lori Jipya au Lori Lililotumika?

Ndizi ikishakatwa haingoji. Nyanya ndiyo haingoji kabisa. Mkulima wa Akheri, wa Poli au wa Mbuguni analijua jambo hilo vizuri. Akikosa gari siku ya soko la Tengeru, mali yake humwozea nyumbani. Akipata gari la kukodi kwa bei ya juu, sehemu kubwa ya faida huishia kwa mwenye gari.

Kwa sababu hiyo vikundi vingi vya wakulima na wafanyabiashara hufikiria kununua lori lao wenyewe. Fikira hiyo ni nzuri. Lakini lori ni kama ng'ombe. Hula kila siku, akamwe au asikamwe.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuamua kama tununue lori jipya au lililotumika. Tutafanya hesabu. Kisha tutajifunza kulikagua lori kabla ya kutoa fedha. Chukua kalamu na daftari lako.

1. JUA KWANZA KAZI YA LORI

Watu wengi huanza kwa kutazama rangi na bei. Anza na kazi. Jiulize maswali haya:

Tutabeba nini? Tutabeba uzito gani? Tutapita njia gani? Lori litafanya kazi siku ngapi kwa mwaka?

Barabara ya lami kutoka Arusha kwenda Moshi si sawa na njia za kupanda mlima Meru. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani huwa na tope na utelezi. Kupanda kunachosha klachi na injini. Kushuka na mzigo kunachosha breki. Lori linalofaa kwa njia ya lami linaweza kukushinda huko juu.

Uzito nao una sheria. Nchi za Afrika Mashariki zilitunga sheria ya uzito wa magari mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, ekseli ya mbele ya usukani hairuhusiwi kubeba zaidi ya tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne hairuhusiwi kubeba zaidi ya tani 10. Basi lori la ekseli mbili za namna hiyo lisizidi tani 18, pamoja na uzito wake lenyewe. Kama lori tupu lina tani 6, mzigo usizidi tani 12. Na kama kiwanda kimeandika uzito mdogo kuliko huo, fuata ule wa kiwanda. Mwuzaji akikuambia kwamba lori lake "linabeba chochote", kumbuka kwamba faini ya mizani utalipa wewe.

Swali la mwisho, yaani la siku za kazi, ndilo kubwa kuliko yote. Tutaliona katika hesabu.

2. BEI SI GHARAMA YOTE

Bei ni fedha unayotoa siku ya kununua. Gharama ni fedha yote inayotoka mpaka siku utakapoliuza lori hilo. Ndani ya gharama kuna riba ya mkopo, bima, ada za serikali, matengenezo na matairi. Lori la ekseli mbili lina matairi sita chini na moja la akiba. Hiyo si fedha ndogo.

Kuna pia thamani inayopotea. Lori jipya hupoteza thamani kwa haraka katika miaka ya mwanzo. Lori lililotumika limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani hiyo mikononi mwa mwenyewe wa kwanza.

3. HESABU YA MFANO

Hesabu hii ni ya mfano tu. Bei hubadilika. Mkiwa darasani wekeni bei mlizoulizia wenyewe mjini. Tuseme kikundi kinataka kutumia lori kwa miaka 5.

Lori jipya:
Bei ya kununua: sh. 180,000,000
Bei ya kuliuza baada ya miaka 5: sh. 90,000,000
Thamani iliyopotea: sh. 90,000,000
Riba ya mkopo: sh. 40,000,000
Bima na ada kwa miaka 5: sh. 25,000,000
Matengenezo na matairi kwa miaka 5: sh. 20,000,000
Jumla ya gharama: sh. 175,000,000
Gharama kwa mwaka: sh. 35,000,000

Lori lililotumika, lililonunuliwa bila mkopo:
Bei ya kununua: sh. 70,000,000
Bei ya kuliuza baada ya miaka 5: sh. 35,000,000
Thamani iliyopotea: sh. 35,000,000
Matengenezo ya mwanzo: sh. 10,000,000
Bima na ada kwa miaka 5: sh. 5,000,000
Matengenezo na matairi kwa miaka 5: sh. 60,000,000
Jumla ya gharama: sh. 110,000,000
Gharama kwa mwaka: sh. 22,000,000

Sasa tuseme kila siku ya kazi lori linabakiza sh. 250,000, baada ya kulipa dizeli, dereva na utingo.

Kikundi cha kwanza kina kazi mwaka mzima. Hubeba mahindi, mchanga, saruji na mazao ya watu wengine. Lori jipya halisimami mara nyingi. Tuseme linafanya kazi siku 280. Litabakiza sh. 70,000,000. Toa gharama ya sh. 35,000,000. Faida ni sh. 35,000,000. Lori lililotumika husimama mara kwa mara kwa matengenezo. Tuseme linafanya kazi siku 220. Litabakiza sh. 55,000,000. Toa sh. 22,000,000. Faida ni sh. 33,000,000. Hapa lori jipya limeshinda.

Kikundi cha pili kinabeba mazao yake tu. Kina kazi ya siku 120 kwa mwaka. Siku nyingine lori limesimama chini ya mwembe. Lori lolote kati ya hayo mawili litabakiza sh. 30,000,000. Kwa lori jipya, toa sh. 35,000,000. Kikundi kimepata hasara ya sh. 5,000,000. Kwa lori lililotumika, toa sh. 22,000,000. Kikundi kimepata faida ya sh. 8,000,000.

Umeona? Malori ni yale yale na bei ni zile zile. Kilichobadilika ni siku za kazi.

Gawanya sh. 35,000,000 kwa sh. 250,000. Utapata 140. Maana yake, lori jipya lazima lifanye kazi siku 140 kila mwaka kabla halijawapa hata shilingi moja ya faida. Kwa lori lililotumika ni siku 88. Je, kama kikundi chenu kina kazi ya siku 60 tu? Basi msinunue lori lolote. Kodini gari, na fedha yenu iwekeni katika kazi nyingine. Kukodi si aibu. Aibu ni kununua lori likageuka kuwa banda la kuku.

4. VIPURI NA MAFUNDI

Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, fedha za kigeni zilikuwa haba. Vipuri na mafuta vilikosekana. Malori mengi yalisimama juu ya mawe, si kwa sababu yamekwisha, bali kwa kukosa kifaa kimoja tu.

Siku hizi vipuri vipo, lakini si vya kila aina ya lori. Kabla ya kununua, nenda kwenye maduka ya vipuri mjini Arusha. Uliza bei ya klachi, pampu ya dizeli na bitana za breki za aina unayoitaka. Waulize mafundi kama wanaifahamu. Aina iliyo nyingi barabarani, kama Fuso, Isuzu au Scania, huwa na mafundi wengi kuliko aina ngeni. Bei rahisi ya lori lisilojulikana ni mtego.

Lori jipya lina dhamana ya kiwanda. Soma masharti yake. Kwa kawaida dhamana hupotea ukikosa kulipeleka lori kwa wakala kwa wakati uliopangwa. Tena malori mengi mapya yana vifaa vya umeme vinavyohitaji kompyuta ili kujua ugonjwa. Lori la zamani lenye pampu ya kawaida, fundi wa karibu anaweza kulitengeneza.

5. JINSI YA KUKAGUA LORI LILILOTUMIKA

Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyefanikiwa kutengeneza injini ya namna hii mwaka 1897. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto kama injini ya petroli. Hubana hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo iwe ya moto sana. Dizeli ikipulizwa humo, huwaka yenyewe. Ringi na silinda zikilika, hewa huvuja na injini huwa ngumu kuwaka, hasa asubuhi yenye baridi.

Kwa hiyo nenda asubuhi na mapema, pamoja na fundi uliyemchagua wewe. Usimtumie fundi wa mwuzaji. Fanya hivi:

(a) Gusa injini kabla haijawashwa. Kama ina joto, mwuzaji ameiwasha kabla hujafika. Rudi siku nyingine.

(b) Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi kama chai ya maziwa ina maji ndani yake. Hiyo ni dalili ya ugonjwa mkubwa.

(c) Washa injini, kisha tazama moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni wa kawaida. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, huenda maji yanaingia kwenye silinda. Moshi mweusi mwingi huonyesha kwamba dizeli haiungui vizuri. Huenda filta ya hewa imeziba au nozeli ni mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Huenda ringi zimelika.

(d) Mwache fundi afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma polepole. Moshi ukitoka kwa nguvu kama wa jiko la kuni, injini imechoka. Usifungue kamwe kifuniko cha radieta injini ikiwa ya moto. Maji yake yatakuunguza.

(e) Ingia chini ya lori. Tafuta nyufa na viraka vya kuchomea kwenye chesisi. Rangi mpya mahali pamoja tu huficha jambo.

(f) Tazama matairi. Kama yamelika upande mmoja, ekseli au springi zina kasoro. Tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

(g) Kama breki ni za upepo, ngoja upepo ujae, uzime injini, kisha utazame mshale. Ukishuka haraka, upepo unavuja.

(h) Endesha lori likiwa na mzigo, mlimani. Lori tupu kwenye lami halisemi kweli.

Usiamini kilomita zilizoandikwa peke yake, kwa maana huweza kurudishwa nyuma. Tazama pedeli, usukani na kiti. Pedeli iliyolika mpaka chuma haikutembea kilomita chache.

6. KARATASI NA MKOPO

Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya gari. Hakikisha kadi hiyo katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Uliza pia polisi kama lori lina faini au kesi. Andikeni mkataba, na malipo yapite benki. Baada ya kulipa, badilisheni jina kwenye kadi mara moja.

Kama unaagiza lori kutoka nje, kwa mfano Japani, ulizia kodi zote kabla ya kutuma fedha. Bei unayoonyeshwa huko si ile utakayolipa mpaka lori lifike Arusha.

Katika mfano wetu, lori lililotumika lina bima ndogo. Bima hiyo hulipa madhara wanayopata watu wengine. Lori lako likipinduka, hailipi lori. Benki inayokukopesha kwa kawaida hutaka bima kubwa, na pia hutaka rehani. Mara nyingi rehani hiyo ni shamba au nyumba. Hapa fikiri sana. Mvua ikikosa, benki haitasubiri mvua. Deni la lori likikushinda, unaweza kupoteza lori na shamba lililokulea. Jambo hilo lizungumze na mke au mume wako na watoto wakubwa kabla ya kutia sahihi.

Tangu siku ya kwanza, wekeni daftari ndani ya lori. Andikeni safari, mzigo, dizeli, matengenezo na fedha iliyopatikana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Taja tofauti kati ya bei na gharama.

2. Kikundi chenu kina kazi ya siku ngapi kwa mwaka? Hesabuni mwezi kwa mwezi. Msisahau miezi ya masika.

3. Lori linabakiza sh. 200,000 kwa siku. Gharama yake kwa mwaka ni sh. 22,000,000. Lazima lifanye kazi siku ngapi kabla ya kupata faida? (Jibu: siku 110.)

4. Moshi wa buluu unaonyesha nini?

5. Jadilini darasani: Mwanakikundi mmoja anataka kuweka shamba lake rehani ili kikundi kinunue lori jipya. Mtamshauri nini? Onyesheni kwa hesabu.