OZONI NA MIALE TUSIYOIONA

Jua likiwaka sana utamsikia mtu akisema, "Ozoni imetoboka, ndiyo maana tunaungua!" Nimeyasikia hayo darasani, dukani na hata ndani ya matatu. Ni ukweli kidogo uliochanganywa na porojo, kwani joto ni jambo moja na miale inayochoma ngozi ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na jua lenyewe. Mwanga wake tunaouona una rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Ng'ambo ya urujuani kuna miale ambayo macho hayaioni, nayo huitwa miale ya urujuanimno. Wanasayansi wameigawa mafungu matatu: A, B na C. Fungu A huizeesha ngozi kabla ya wakati wake. Fungu B ndilo hasa linaloiunguza, na likizidi huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Fungu C ni kali kuliko yote, na lau lingefika huku chini, viumbe wangekuwa mashakani.

Kinga yetu ni ozoni. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana, ilhali ozoni ina tatu. Sehemu kubwa ya gesi hii iko juu sana, baina ya kilomita 15 na 35 hivi. Mwale wa urujuanimno ukiigonga molekuli ya ozoni, huivunja: atomu moja huruka, mbili zikabaki kama oksijeni ya kawaida. Nguvu ya mwale huishia papo hapo na kugeuka kuwa joto la huko huko juu. Kisha ile atomu iliyotengwa hushikana na oksijeni nyingine, ikawa ozoni tena! Yaani ozoni haimalizwi na kazi yake. Huvunjika na kujijenga mchana kutwa. Kwa njia hii, na kwa msaada wa oksijeni, fungu C huzuiwa lote, na fungu B takribani asilimia 90. Fungu A nalo hupenya karibu lote.

Msidhani kwamba hilo ni paa nene. Lau ozoni yote iliyo juu yetu ingeshushwa hadi usawa wa bahari na kubanwa na uzito wa hewa ya huku, ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Hebu chukua rula uzitazame.

Sasa tuje kwetu. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya nchi za ikweta, maana jua la huku ni kali, lakini pepo za juu huichukua polepole kuelekea ncha za dunia. Kinyozi hajinyoi, na sisi tunabaki na tabaka jembamba kuliko nchi nyingi za mbali na ikweta. Isitoshe, jua likiwa la utosi, miale hukata njia fupi angani. Wanaoishi nyanda za juu huongezewa tena: kila upandapo mita 1,000, miale huzidi kwa asilimia 10 hivi. Basi mtu wa Nyahururu aweza kuvaa sweta saa sita mchana kwa ajili ya baridi, na bado uso ukaungua.

Na lile tundu? Lipo, lakini si juu ya Kenya. Mwaka wa 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za kloroflorokaboni, zilizotumiwa katika friji na makopo ya kupuliza marashi, hupanda juu na kutoa klorini inayoharibu ozoni. Mwaka wa 1985, wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila Oktoba. Mataifa yakakubaliana mjini Montreal tarehe 16 Septemba 1987 kuzipunguza gesi hizo. Ofisi inayosimamia mkataba huo iko papa hapa Nairobi, mtaani Gigiri. Tathmini ya mwaka wa 2022 ilisema mkataba ukiendelea kufuatwa, ozoni ya sehemu nyingi za dunia itarudia hali ya 1980 kufikia 2040 hivi, na ya Antaktika kufikia 2066 hivi.

Ni habari njema, lakini hata ikirudi yote, jua la ikweta litabaki kuwa la ikweta. Mwale uliopita ozoni hukuta kinga ya pili, yaani melanini, ile rangi ya ngozi. Wenzetu wenye ualbino wana melanini kidogo mno au hawana kabisa. Kwao kofia pana na shati la mikono mirefu ni ngozi ya pili, si mapambo, na wanaowacheka uwanjani eti "wanajidai" hawajui wanachokicheka. Kwa heshima zote, hata sheria ya sare inayokataza kofia kwenye gwaride naona ingelegezwa kwa ajili yao.

Kipimo hakihitaji mashine. Simama juani uangalie kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Mwezi wa Machi na Septemba huwa hivyo tangu kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na vipindi vyetu vingi vya michezo vimo ndani ya saa hizo.