SOMO LA MZAZI NA MWALIMU
Yaani khabari ya amana moja iliyo katika mikono miwili

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, mwenye kuwapa waja wake elimu baada ya ujinga. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: somo hili limewekwa kwa wanaume Waislamu wa pwani wenye watoto katika skuli za msingi, na khasa wale ambao kazi au biashara imewapeleka Dodoma na nchi kavu ya katikati ya Tanzania. Makusudio yake ni jambo moja tu: kubainisha ya kuwa kumtia mtoto skuli si kumaliza wajibu, bali ni kuuanza, na ya kuwa skuli isiyojuana na wazazi ni mfano wa dau la kasia moja, huzunguka pale pale wala halifiki.

FASILI YA KWANZA: ASILI YA WAJIBU HUU

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza mwanzoni mwa kitabu chake Al-Majmuu kwamba ni juu ya kina baba na kina mama kuwafundisha watoto wao wadogo mambo yatakayowalazimu wakibaleghe: tohara, sala, saumu na mfano wa hayo, na kuwajulisha uharamu wa zina, na wizi, na ulevi, na uwongo. Kisha akaeleza ya kuwa ujira wa kufundishwa mambo hayo ya lazima hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe, na kama hana mali, basi ni juu ya yule ambaye nafaka ya mtoto huyo inamlazimu.

Katika maneno hayo yapo mafunzo mawili. La kwanza, mama ametajwa pamoja na baba, wala hakuachwa nyuma. La pili, ujira ni sehemu moja ya wajibu, si wajibu wote. Mwenye kutoa fedha na asiulize kilichosomwa, ametekeleza kipande na ameacha kipande.

Na mtu akisema: Hayo ni katika elimu ya dini, lakini hesabu na kuandika vina nini? Jawabu lake ni kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505, amezihesabu elimu za tiba na hesabu katika fardhi za kifaya, kwa kuwa maisha ya watu hayasimami bila ya hizo. Basi skuli ya msingi ambayo mtoto hujifunza humo kusoma, kuandika na kuhesabu, ni mlango wa fardhi hiyo.

Na katika khabari za Imamu Shafi mwenyewe mna zingatio kubwa. Alizaliwa Ghaza mwaka 150, akafiliwa na baba yake angali mdogo, na mama yake akamchukua Makka. Imepokewa kwamba alipotiwa chuoni, mama yule hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu akaridhika badala ya ujira mtoto awe akishika mahali pake anapoondoka, awasimamie wenziwe. Angalia: mama hakukaa nyumbani kwa haya ya ufukara wake, wala mwalimu hakumfukuza mtoto kwa kukosa ada. Walijuana, wakafahamiana, wakapata njia. Kwa mapatano hayo ya watu wawili wasiokuwa na mali, umma ukapata Imamu wake.

FASILI YA PILI: WATU WA PWANI KATIKA UGOGO

Kufika kwa watu wa pwani katika Ugogo si jambo jipya. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Kisha reli ya Wajerumani iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kweli, na mwaka 2018 sheria ikapitishwa ya kuuthibitisha mji huo. Kila mara katika hizo, watu wa Tanga, Kilwa, Lindi na Unguja wamejikuta wakiamka katika nchi ya upepo na vumbi, mbali na bahari.

Mtu huyu, alipokuwa kwao, hakuhitaji kualikwa kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu wa chuo alikuwa jirani yake, akisimama naye safu moja msikitini. Mtoto asipohudhuria asubuhi, khabari hufika barazani kabla ya Isha. Mtaa wenyewe ndio uliokuwa mkutano.

Amekuja Dodoma akapanga nyumba Nkuhungu au Kikuyu. Hutoka baada ya Alfajiri na kurejea Isha imekwisha kusaliwa. Mwalimu wa mwanawe ni Mgogo, au Mrangi, au Mhehe; huenda ni Mkristo; wala hawajapata kuonana. Mwalimu hudhani ya kuwa baba huyu hajali, kwa sababu hamwoni. Baba hudhani ya kuwa mambo ni salama, kwa sababu haletewi neno. Na mtoto yu katikati ya dhana mbili hizo, naye amekwisha kujua kwamba lisemwalo skuli halifiki nyumbani, na lisemwalo nyumbani halifiki skuli. Mtoto akilijua hilo, ameshapata mahali pa kujificha.

Kisha siku moja baba huitwa, na aliloitiwa ni kosa. Wageni wawili hukutana mara ya kwanza kwa hasira, kila mmoja akimtupia mwenziwe lawama. Lau wangalijuana kabla, kosa lile lingalitengenezwa kwa maneno mawili. Basi ujuano uliokuwa ukija wenyewe pwani, Dodoma hauna budi kutafutwa kwa miguu.

FASILI YA TATU: NENO «BURE» NA MADHARA YA KULIFAHAMU VIBAYA

Mwishoni mwa mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa kuondoa ada na michango ya lazima katika skuli zake, ukaanza kutumika Januari 2016. Hiyo ilikuwa rehema kwa maskini, na watoto wengi sana waliandikishwa mwaka ule. Lakini watu wengi walilisikia neno «bure» wakalifahamu kuwa ni kufunguliwa katika kila jukumu. Wengine wakaacha hata kuhudhuria mikutano, wakisema: Skuli sasa ni ya Serikali. Ikalazimu mwaka ule ule wa 2016 kutolewa maelezo mengine ya kubainisha yaliyobaki juu ya mzazi: sare, madaftari, chakula, matibabu, na kufuatilia maendeleo ya mtoto.

Mwenye akili na apime. Ruzuku ya Serikali wakati ule ilihesabiwa Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima. Fedha hiyo haiwezi kumwamsha mtoto asubuhi, wala kumpa uji, wala kumketisha jioni kwenye taa akasoma. Kilichoondolewa ni ada, amana haikuondolewa.

FASILI YA NNE: YALIYOFANYWA DODOMA YENYEWE

Mkoa wa Dodoma una mtihani wake. Mvua huja msimu mmoja tu, takriban baina ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo akiba ya nyumba huwa imepungua, na ndiyo miezi ya kulima na kupalilia. Na mtama na uwele ukianza kukomaa, mtoto huitwa kuamia ndege shambani. Mwengine hupelekwa machungani na ng'ombe. Na watoto wengi wa vijijini huingia darasa la kwanza wakiijua Kigogo au Kirangi, na Kiswahili cha mwalimu huwa kigeni masikioni mwao.

Kuanzia mwaka 2014 ulikuwapo mpango ulioitwa EQUIP-Tanzania, kwa msaada wa Uingereza, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa yake. Katika mpango huo mliwekwa Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambao baadaye umejulikana kwa jina la UWAWA. Namna yake ni hii: wazazi wa kila darasa huchagua wawakilishi wao, wanaume kwa wanawake, wakakaa pamoja na mwalimu wa darasa lile. Hawangojei mkutano mkuu wa mwaka. Hutazama nani hakuja skuli na kwa sababu gani, hufika nyumbani kwake, kisha huleta jawabu kwa mwalimu.

Tena kwa watoto wasiopata elimu ya awali palifanywa masomo ya kuwatayarisha, na waliofundisha walikuwa watu wa kijiji kile kile, waijuao lugha ya nyumbani. Mtoto akaingia skuli akiongozwa na uso anaoujua. Mradi wa Shule Bora uliofuata, nao Dodoma imo ndani yake, ukaendelea na njia hiyo ya UWAWA.

Na katika khabari ya chakula, zamani Shirika la Chakula Duniani lililisha baadhi ya skuli za Dodoma na Singida. Lakini chakula cha mgeni huondoka na mgeni. Kilichodumu ni pale wazazi walipokaa na kamati ya skuli baada ya mavuno, wakapatana kiasi cha mahindi na maharage kwa kila nyumba, na asiye na shamba akatoa thamani yake. Mtu wa pwani aliyeko mjini asiseme: Sina shamba. Ana mfuko.

FASILI YA TANO: ADABU ZA PANDE MBILI

Muhammad bin Sahnun wa Kairuani, aliyefariki mwaka 256, naye ni wa madhehebu ya Imamu Malik, aliandika kitabu juu ya adabu za walimu wa watoto. Miongoni mwa aliyoyataja ni kwamba mwalimu awatazame watoto kwa nafsi yake, na awape khabari mawalii wao wasipokuja. Na asiwatume watoto katika haja zake mwenyewe. Kitabu hiki kimeandikwa zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Basi mwenye kudhani ya kuwa ushirikiano wa skuli na wazazi ni bidaa iliyoletwa na wageni, na ajue kwamba ni mali ya wazee wake iliyopotea.

Ama mambo yampasayo baba ni haya:

1. Aende skuli juma la kwanza la mwaka, kabla ya kuitwa, amsalimu mwalimu wa darasa, ajitambulishe na aache namba yake ya simu.

2. Amweleze mwalimu khabari za mtoto zenye maana: maradhi, kutoona vyema, kufiliwa, na kama amefunga Ramadhani. Mwalimu asiyejua kuwa mtoto amefunga atamkimbiza juani, na kosa si lake.

3. Atazame daftari kila siku, japo dakika chache. Asiyejua kusoma na amwambie mtoto amsomee.

4. Ahudhurie mikutano, na akichaguliwa asikimbie.

5. Awajulishe mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuo. Watu wawili hao hugawana siku moja ya mtoto mmoja. Akilala skuli kwa uchovu wa chuo, au akikosa chuo kwa kazi za skuli, ni baba wa kuwapatanisha.

6. Aulize juu ya kipindi cha dini. Skuli za Tanzania hutoa nafasi hiyo, na kila dini huleta mwalimu wake. Waislamu wasipompeleka wa kwao, watoto wao hukaa chini ya mti wakati wenzao wakifundishwa. Na hapo wa kulaumiwa si mwalimu mkuu.

MAS'ALA YANAYOULIZWA

Suali: Wazazi walioachana, na mtoto yuko kwa mama yake, je, baba ameondokewa na jambo hili?

Jawabu: La. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi imebainishwa kwamba mtoto mwanamume mwenye kupambanua, akichagua kukaa na mama, basi usiku huwa kwake, na mchana huwa kwa baba, amtie adabu na kumkabidhi chuoni na penye kazi ya mikono. Talaka hukata ndoa, haikati ubaba. Na skuli iandike majina ya wote wawili.

Suali: Mkutano wa wazazi wampasa nani, baba au mama?

Jawabu: Wajibu umewataja wote wawili. Mama akienda kwa heshima na stara, hapana ubaya, na mara nyingi yeye ndiye ajuaye zaidi. Lakini baba asilifanye hilo kuwa udhuru wa kutokwenda kabisa, maana mtoto hupima ukubwa wa jambo kwa kuona ni nani aliyelisimamia.

Suali: Wako wanaomkabidhi mwalimu mtoto wakisema nyama ni yake na mifupa ni ya mzazi. Ni sawa?

Jawabu: Ni kauli ya kuachwa. Mtoto hana kiungo kilicho milki ya mwalimu. Kwa wanachuoni wa Kishafi, adabu ya mwalimu imefungwa na sharti ya usalama, na akidhuru, dhamana i juu yake. Na kanuni za skuli za Tanzania hazikumpa kila mwalimu fimbo: ni ya mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na huandikwa. Mzazi akiona dhuluma aende kwa mwalimu mkuu kwa utulivu, na kwa kamati ya skuli. Asimtukane mwalimu mbele ya mtoto, kwani siku ile heshima ya elimu huanguka pamoja na ya mwalimu.

KHATIMA

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kuwa kila mmoja ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na mwanamume ameulizwa kwa watu wa nyumba yake. Hakuna katika mafunzo hayo mchungaji anayekodi mwengine kisha asirudi zizini kuhesabu. Mgogo mwenye ng'ombe hulijua hilo vyema: huwahesabu kila jioni, japo aliyewachunga ni mwanawe mwenyewe. Haifai mtu wa pwani, mwenye kujigamba kwa elimu ya wazee wake, awe mlegevu kwa mtoto kuliko jirani yake alivyo kwa ndama.

Basi msomaji aliyefika hapa, na ambaye hajui jina la mwalimu wa mwanawe, ajue kwamba somo hili bado halijamfaa. Litamfaa siku atakaposimama mlangoni pa darasa na kusema: Mimi ndimi baba yake.

Mwenyezi Mungu atutengenezee vizazi vyetu, awape subira walimu wetu, na atujaalie kuwa katika wenye kuzirejesha amana kwa wenyewe. Amin.

Wallahu aalam.