Nani Apangwe na Nani? Hesabu ya Madaraja katika Mashindano ya Bao

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 katika mashimo 32 yaliyopangwa safu nne. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamulia. Dadu hakuna. Kwa sababu hiyo fundi aweza kumshinda mwanagenzi tangu asubuhi hadi jioni, na mwanagenzi akaondoka barazani asirudi tena. Hapo ndipo haja ya madaraja inapoanzia.

Chukulia kwamba vijana 8 wa Ntalikwa, karibu na mji wa Tabora, wanashindana kwa mtoano, jozi za mwanzo zikipangwa kwa kura. Chukulia pia kwamba mwenye uwezo zaidi hushinda daima. Bingwa atatwaa kombe bila shaka. Lakini je, yule wa pili kwa uwezo? Zimebaki nafasi 7 anazoweza kuangukia, na 3 kati ya hizo zimo katika nusu ile ile ya bingwa. Basi uwezekano wa kutolewa kabla ya fainali ni 3/7, yaani karibu mara 43 katika 100. Kura ikiwakusanya wanne bora upande mmoja, zawadi ya pili itachukuliwa na mtu wa tano! Kura haikumpendelea mtu, lakini matokeo yake si ya haki.

Dawa ni kuwatenganisha walio bora tangu mwanzo. Nayo yadai uwezo wao ujulikane. Katika sataranji kazi hiyo hufanywa kwa kanuni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia nchini Marekani aliyezaliwa Hungaria. Shirikisho la dunia la mchezo huo liliikubali mwaka 1970. Kila mchezaji ana alama zake. Tofauti ya alama ikiwa D, matarajio ya mwenye alama nyingi ni

1 ÷ (1 + 10^(−D/400)).

D ikiwa 200, jibu ni 0.76. Baada ya mchezo, alama hurekebishwa kwa kuzidisha kipimo kilichochaguliwa, tuseme 20, kwa tofauti kati ya matokeo na matarajio. Mkubwa akishinda huongezewa 20 × 0.24, karibu alama 5 tu. Mdogo akishinda hupata karibu 15. Alama anazopata mmoja ndizo anazopoteza mwenziwe.

Sentensi hiyo ya mwisho ina mtego ambao waandaaji wengi hawauoni. Ikiwa watu wa Ntalikwa hucheza wao kwa wao tu, jumla ya alama zao haibadiliki hata wote wakiwa mafundi. Alama 1,600 za hapo haziwezi kulinganishwa na 1,600 za mjini. Katika karne ya 19 Tabora, wakati huo ikijulikana pia kama Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka pwani, kwenda Ujiji, na kwenda kaskazini. Madaraja nayo yahitaji wasafiri. Wachezaji wachache wanaocheza huku na huko ndio wanaovifunga vipimo viwili viwe kimoja.

Yuko pia mjanja anayeshindwa makusudi ili ashushwe daraja, kisha anyakue zawadi ya wanagenzi. Kanuni ya Elo haimtambui mtu huyo, kwani husoma matokeo, haisomi nia. Afadhali iamriwe kwamba aliyekwisha kushinda daraja fulani hashiriki tena chini yake msimu huo, hata alama zake zikipungua.

Zoezi: Washindani wakiwa 16 na jozi zikipangwa kwa kura, mtu wa pili kwa uwezo ana uwezekano gani wa kufika fainali? (Jibu: 8/15.)